Nyapara Asiyeitikia Shikamoo

Vijana mnaoendesha banda la sinema pale Lukozi mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa, kwa sababu mnadhani nikifa nitaondoka na siri. Siri hakuna. Kuna koo linalouma, kuna moshi wa jenereta, na kuna watu waliolipa kiingilio ili wasahau bei ya viazi kwa muda wa filamu moja. Lakini nimestaafu, na mke wangu ameshachoka kunisikiliza, kwa hiyo nitaandika. Vyeo sitavitaja kwa kuwa sikuwahi kuwa nacho hata kimoja. Mshahara nao tuuache, maana wengine wenu mna presha.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri sinema. Filamu inakuja na Kiingereza chake, au Kihindi, au Kichina, nami nakaa pembeni na kipaza sauti nasema kwa Kiswahili wanachosema wale. Wazee wakiwa wengi naongeza Kishambaa. Nisipoelewa, natunga. Kichina sijui hata neno moja, na nimetafsiri filamu za Kichina tangu nikiwa na nywele zote, na hakuna Mchina aliyewahi kupanda Lukozi kulalamika.

Nilianzia kwenye shamba la chai upande wa Bumbuli, nikiwa kijana wa kubeba magunia ya majani kutoka kwa wachumaji hadi kwenye mizani. Wafanyakazi walitoka kila kona ya nchi: Wabena, Wanyakyusa, Waha, na sisi Washambaa wenyewe, wa msikitini na wa kanisani, wote kambi moja na wote jioni hatuna pa kwenda. Fundi umeme wa shamba, Mzee Lazaro, mtu wa Mbeya, ndiye aliyekuwa anaonyesha video kwenye ukumbi wa kambi. Mtafsiri wake alipoacha kazi akaenda kuoa Handeni, Lazaro alizunguka kambini akiuliza nani ana maneno mengi. Nilitajwa na watu wengi kuliko nilivyopenda.

Siku ya kwanza nilikaa kama ambavyo mtu yeyote angekaa, macho kwenye televisheni, mgongo kwa watu. Nilitafsiri kwa bidii, jasho linanitoka pamoja na baridi ile. Filamu ilipofika katikati nikageuka, nikakuta nusu ya ukumbi imeondoka na nusu nyingine inazungumza mambo yake. Lazaro hakunigombeza. Alisubiri mpaka watu wakatawanyika, akaja akashika kiti changu, akakigeuza.

"Hoza," aliniambia, "leo ulikuwa unamtafsiria nani, televisheni?"

"Sasa nikiipa mgongo, nitajuaje kinachoendelea?"

"Filamu itaenda hata usipoiangalia. Hawa watu usipowaangalia wanaondoka."

Kesho yake alinipa kioo cha pembeni cha pikipiki, amekifunga kwa waya kwenye kijiti. Nilikichomeka mbele yangu kwenye kopo lenye mchanga, nikawa naiona filamu humo ndani kwa kutupa jicho mara moja moja, na macho yangu mengine yote yako kwa watu. Nimefanya kazi namna hiyo maisha yangu yote. Ukiniuliza filamu fulani ilikuwaje, nitakueleza vizuri zaidi jinsi watu walivyoonekana wakati wanaitazama. Wahusika wengi nawajua wakiwa wadogo kama panzi, na bastola wanashika kwa mkono wa kushoto.

Lazaro alinifundisha pia kusoma mataya. Kwenye ukumbi wetu watu walikuwa wanakula, hasa mahindi ya kuchoma na karanga, na katazo lolote lingetukosesha wateja. Yeye hakuona ubaya. Alisema taya linalotafuna ni la mtu anayenisikiliza mimi, kwa hiyo niendelee. Taya likisimama katikati ya kutafuna, basi filamu yenyewe imemshika mtu huyo, na hapo mtafsiri mwenye akili anafunga mdomo. Sehemu ya kwanza niliishika upesi. Ile ya kufunga mdomo nilimwambia nimeelewa, na nikaendelea kuongea.

Zilikuwepo kesi ngumu. Ngumu kuliko zote ilikuwa mahaba. Mtu wa huku hawezi kukaa benchi moja na mama mkwe wake halafu watu wawili kwenye televisheni waanze kukumbatiana. Wa kwanza kutoka atakuwa mkwe, wa pili ni yule mama, na kesho kuna kikao cha ukoo. Kwa hiyo nilikuwa na kanga, nikiona kwenye kioo changu kwamba nyuso zinasogeleana, naitupa juu ya televisheni na kutangaza, "Hapa wanapeana taarifa." Taarifa ikizidi kuwa ndefu naeleza na yaliyomo: mvua imenyesha kwao, ng'ombe amezaa, baba anaumwa mguu. Kuna mzee mmoja wa Kibena alistaafu akarudi kwao akiamini Wahindi ni watu wa kuulizana habari sana.

Shamba lilipofunga ule ukumbi nilihamia Lukozi, kwenye banda lile lile mnalolijua, mbao pande zote na turubai juu. Huko adui alikuwa ukungu. Mikanda ya video ilikuwa inaota kuvu nyeupe kama mkate uliosahaulika, na mkanda wenye kuvu ukiingia kwenye deki unachafua kichwa chake, picha inaanza kutetemeka. Tulisafisha kwa pamba na spiriti. Mwisho nikaona wanawake wanavyotunza mahindi ya mbegu darini juu ya jiko, nami nikapandisha mikanda yangu huko huko ikae kwenye moshi. Haikuota kuvu tena. Ilinuka jikoni, na deki nayo ikanuka jikoni, ila picha ilitulia. Nyinyi mnaobeba filamu mia kwenye flashi ndogo mfukoni hamtajua raha ya kushusha filamu ya mapigano kutoka kwenye dari la mama mkwe.

Basi, nije kwenye lile mnalotaka kusikia, maana najua mmeruka aya za juu.

Rehema mnamfahamu wote. Ni binti wa nesi wa Bumbuli, alikwenda kusoma mambo ya picha, akarudi na kamera moja na ubishi mwingi. Alitengeneza filamu ya kutisha akaiita Nyapara wa Ukungu. Hadithi yake ni ya nyapara wa enzi za wakoloni aliyefia kwenye shamba la chai, naye kila ukungu unaposhuka anarudi kuwahesabu wachumaji, na kila akihesabu anapungua mmoja. Nyapara alichezwa na jitu moja la Muheza tuliloliita Baunsa. Baunsa alipakwa mkaa usoni, akavalishwa mabuti, akawa anatoka kwenye michai akinguruma. Pesa ya kununua mabuti ya saizi yake haikuwepo.

Aliileta kwetu iwe ya kwanza kuonyeshwa. Ilikuwa ya Kiswahili, haikuhitaji tafsiri, lakini watu wa Lukozi walishazoea kunisikia juu ya kila kitu, na mimi nilishazoea kusikika. Baunsa akatoka kwenye michai, akanguruma, akachechemea kidogo. Mimi nikasogeza kipaza sauti, nikasema kwa sauti yake, "Jamani, viatu vinanibana!"

Banda zima lilianguka kwa kicheko. Watu walishikana mabega. Kuanzia hapo kila aliponguruma nilimpa shida nyingine: mara anatafuta chai ya tangawizi, mara amesahau hesabu imefika wangapi, mara anaulizia choo. Tuliionyesha wiki baada ya wiki. Watoto wakawa wananguruma barabarani wakichechemea. Baunsa alipopita sokoni alibebwa juu juu.

Rehema nilimkuta nje nyuma ya banda, amejikunyata kwenye sweta lake.

"Shikamoo, mzee Hoza."

"Marahaba, mwanangu. Umeona mabenchi yalivyojaa?"

"Nimeona. Yamejaa watu wanaocheka." Akaongeza, "Mimi sikutengeneza kichekesho."

Sikumwomba radhi, na sasa hivi siombi. Kazi ya banda ni kujaza mabenchi. Ila nilimwonea huruma, kwa sababu ule uso niliwahi kuuona kwa watu waliopika pilau siku nzima na wageni wakasifu kachumbari.

Miaka miwili baadaye akaja kuniambia anatengeneza ya pili. Alisema bila kuzungusha maneno kwamba safari hii anataka watu waogope. Wakicheka tena, anaacha. Mjomba wake wa Korogwe ana duka la vifaa vya ujenzi na ameshamwekea nafasi ya kaunta, kilichobaki ni yeye kukubali. "Sitakaa hapa nitengeneze vitu vya watu kuchekea, mzee wangu. Bora niuze misumari." Nilijua hatanii. Huyu mtoto akisema kitu huwa ameshalia kwanza.

Tatizo lilikuwa Baunsa. Alishapata nafasi kwenye tamthilia Dar es Salaam na hakutaka tena kusikia habari za michai na baridi. Akahitajika nyapara mwingine. Kila mtu alikuwa na wa kupendekeza. Walipendekeza muuza nyama, mlinzi wa ghala, na dereva mmoja wa fuso mwenye jicho moja ambaye hata bila filamu watoto walimkimbia. Rehema akawasikiliza wote, kisha akamchagua Mzee Mntangi.

Mzee Mntangi ni fundi miavuli. Anakaa mlangoni mwa soko, mdogo wa mwili, kanzu imefifia, kofia safi, na mvua za huku hazimwachi bila kazi. Katika milima hii yote sijaona mtu mwenye adabu kama yeye. Ukimwamkia haitikii tu akamaliza. Ataitikia, ataulizia nyumbani, ataulizia wazazi, ataulizia viazi, na kama una ng'ombe ataulizia ng'ombe. Mtu mwenye haraka alikuwa anapita njia ya juu ili asikutane naye. Huyo ndiye ambaye Rehema alitaka awe shetani.

"Mwanangu," nilimwambia, "hawa watu watakuua kwa kicheko. Wamemzoea Baunsa, unawaletea fundi mwavuli?"

Akanisimulia kilichotokea. Wiki moja kabla alipita sokoni akamwamkia Mzee Mntangi kama kawaida. Mzee alikuwa ameinamia mwavuli, nyaya mbili ziko mdomoni, ameshika kitu kwa mikono yote miwili. Akamwangalia tu. Alikuwa anatafuta namna ya kutema zile nyaya. Lakini kwa kile kitambo kifupi ambacho marahaba haikuja, Rehema alisema alijikuta anarudi nyuma. "Niliona kama kuna kitu kibaya nimefanya na yeye anakijua. Nilitaka kukimbia, mzee wangu. Mchana kweupe, sokoni."

Nilisikia, nikaona ni maneno ya mtu aliyekosa usingizi. Hata hivyo nilimkodisha jenereta.

Walipiga picha kwenye mashamba ya chai asubuhi za ukungu, nami nilikuwepo kulinda jenereta langu. Niliona shida ambayo hakuna aliyeitegemea. Onyesho lenyewe lilikuwa rahisi: watoto watatu wanapita njia ya katikati ya michai, wanamkuta mzee amesimama, wanamwamkia mmoja mmoja, naye haitikii. Basi. Binti mdogo wa mbele akasema, "Shikamoo babu," na Mzee Mntangi akajibu, "Marahaba mjukuu wangu, hujambo? Mama hajambo?"

"Mzee, hapo hutakiwi kuitikia," Rehema akasema.

"Lakini kaniamkia."

"Ndiyo, mzee, ila kwenye filamu unanyamaza."

"Nimeelewa."

Wakarudia. Akaitikia. Wakarudia tena, akaitikia kwa sauti ndogo akidhani haitasikika. Akajiwekea nyaya zake mdomoni, akaitikia katikati ya nyaya. Ukungu ulianza kupanda, na ukungu ukipanda picha imeharibika mpaka kesho. Rehema akamsogelea, akamshika mkono, akamwambia kitu ambacho sikukisikia. Mzee akakubali kwa kichwa. Akasimama tena mahali pake.

Safari hii binti akaamkia na Mzee Mntangi akanyamaza. Akaamkia wa pili, akanyamaza. Kufika wa tatu niliona machozi yanamtiririka yule mzee, usoni hakuna kilichosogea, mdomo umefungwa, macho yako kwa mtoto. Ilimuuma kweli kumnyima mtoto marahaba yake. Rehema hakusema simama, aliacha kamera iendelee. Walipomaliza, Mzee Mntangi akawakimbilia wale watoto, akawashika vichwa, "Marahaba, marahaba, marahaba wajukuu zangu," na akaulizia mama wa kila mmoja.

Siku ya kuonyesha Rehema aliichagua mwenyewe: siku ya gulio, mchana, watu wameshauza viazi na kabeji na hawajaondoka. Asubuhi yake alikuja kuniomba nisiseme kitu kwenye hiyo filamu. Hata neno moja.

"Nisiseme? Watu wanakuja kunisikia mimi."

"Najua, mzee wangu. Ndiyo maana nakuomba."

"Wakianza kuzomea je? Nani atawatuliza?"

Akapiga goti pale kwenye tope mbele ya waendesha bodaboda, akasema, "Shikamoo," ile ya mtu aliyesalimu amri. Nikamwambia ainuke, nitaona. Nikisema nitaona, mke wangu anajua maana yake ni hapana.

Banda lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya magunia. Benchi la mbele alikaa Bibi Mwanahamisi na wenzake. Huyu bibi ndiye mkubwa kuliko wateja wetu wote. Kwenye filamu za mapigano alikuwa anawapa wapiganaji maelekezo, na yeye ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote siku ya Baunsa. Alikuja na muhindi wake wa kuchoma. Nikakaa kwenye kiti changu, nikachomeka kioo changu cha pikipiki, nikawasha kipaza sauti. Rehema alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, sura kama ya mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Mzee Mntangi alipotokea kwenye ukungu na kanzu yake, banda lililipuka.

"Huyo si fundi mwavuli!"

"Mzee, mwavuli wangu tayari?"

"Baunsa yuko wapi? Turudishieni Baunsa wetu!"

Waliozomea walizomea, waliocheka walicheka, vijana wa nyuma wakaanza kunguruma na kuchechemea. Nikamwona Rehema anainama. Halafu wakaanza kuniita mimi. "Hoza! Mgosi, sema neno!" Banda zima, kwa kupiga makofi, "Hoza! Hoza!" Nami neno nilikuwa nalo. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, zuri kuliko yote niliyowahi kusema kwenye kazi hii, na nina hakika lingeangusha lile turubai. Nikasogeza kipaza sauti mdomoni.

Hapo nikamwona Bibi Mwanahamisi. Kwenye televisheni nyuma yangu yule binti alikuwa ameshaamkia. Niliisikia sauti yake, "Shikamoo babu," na baada yake ulikuwa upepo tu kwenye michai. Bibi alikuwa ameng'ata muhindi. Taya lake lilisimama.

Nikazima kipaza sauti. Kile kibonyezo kilikuwa kigumu, na kidole changu hakikuwa na mazoezi.

Mtoto wa pili akaamkia. Kimya. Kelele za mbele zilikuwa zimekatika, zile za nyuma zikawa zinajiuliza za mbele zimeenda wapi. Nilikuwa naona nyuso zinabadilika benchi moja baada ya jingine. Hawa ni watu ambao wote, bila kumtoa hata mmoja, walishaitikiwa na yule mzee, na wameulizwa habari za ng'ombe. Sasa anamwangalia mtoto na hasemi kitu, na machozi yanamtoka. Mwanamke mmoja katikati akasema taratibu, kama anavyoongea na mtu aliye mbele yake, "Mwitikie mtoto, mzee."

Mtoto wa tatu akaamkia.

"Mwitikie," akasema mwingine. "Mzee, mwitikie jamani." Likawa banda zima linamwomba, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa Kishambaa, vijana wa bodaboda wamevua kofia. Mzee Mntangi akaendelea kunyamaza. Wale watoto wakapita, naye akageuka, akaanza kutembea nyuma yao polepole, mikono mgongoni. Mtu alipiga kelele, na nikatambua kuwa ni muuza nyama.

Kuanzia hapo sikuhitaji kioo. Kwenye filamu, kila aliyemwamkia nyapara na asiitikiwe, hesabu ya jioni ilimkosa. Watu waliishika hiyo kanuni upesi. Kila alipotokea mchumaji kwenye njia na mbele yake kanzu imesimama ndani ya ukungu, mabenchi yaliinuka. Na hapa niandike vizuri mnielewe. Nimeishi milima hii tangu kuzaliwa. Nimeona watoto wakichapwa kwa kupita mbele ya mtu mzima bila kumwamkia. Siku ile niliwaona kina mama wa Lukozi, wa kanisani na wa msikitini, wamesimama juu ya mabenchi wakimpigia kelele msichana wa kwenye filamu, "Usimwamkie! Pita! Usimwamkie huyo!" Bibi Mwanahamisi alikuwa anapiga makelele kuliko wote, muhindi ameuangusha zamani.

Furaha niliyoipata pale kitini siwezi kuificha. Nilikuwa nimenyamaza kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi, na banda halikuwahi kuwa na sauti kama ile.

Filamu ilipoisha tukafungua turubai la mlangoni, mwanga ukaingia, na watu wakatoka kimya kama wanaotoka mazikoni. Hakuna aliyepiga makofi. Rehema akanijia, macho mekundu. "Imekufa," akaniambia. "Hawajapiga hata kofi moja."

"Mwanangu, mikono yao iko wapi? Angalia."

Akaangalia. Kila mtu alikuwa ameshika mtu. Mama ameshika mtoto, kijana ameshika mkono wa mwendesha bodaboda mwenzake na wala haoni aibu.

Njia ya kutoka bandani inapita mlangoni mwa soko, na Mzee Mntangi alikuwa amekaa mahali pake na miavuli yake, kwa sababu siku ya gulio ndiyo siku ya kazi na filamu alisema ataiona siku nyingine. Aliona umati unakuja, akajiandaa kuitikia. Umati ukapinda. Watu walipita upande wa pili, ndani ya tope, wamebeba watoto. Hakuna aliyemwamkia hata mmoja. Yule mzee akabaki ameinua uso, tabasamu linamwisha kidogo kidogo. "Hoza," akaniita, "nimewakosea nini?"

Sikupata nafasi ya kumjibu, maana Bibi Mwanahamisi alikuwa hajapinda. Alikuja moja kwa moja na fimbo yake mpaka mbele ya miavuli, akasimama. Yeye ni mkubwa kwa Mzee Mntangi, kwa hiyo mwenye kuamkia ni mzee. Mzee akainuka haraka, akaweka mwavuli chini.

"Shikamoo, mama."

Bibi akamwangalia. Hakusema kitu.

"Shikamoo, mama," akarudia, ameinama zaidi.

Kimya. Soko zima lilikuwa limesimama, hata wenye mizani. Nilimwona Mzee Mntangi anaangalia kushoto na kulia. Bibi alimwacha hapo mpaka midomo ikaanza kumcheza.

"Umeona sasa ilivyo?" akamwuliza.

"Nimeona, mama."

"Umenitisha mimi, na umri wangu huu, nikamwambia mtoto wa watu asisalimie."

"Nisamehe, mama."

"Basi marahaba."

Aliyeanza kucheka ni Rehema, akifuatiwa na soko lote. Walimbeba Mzee Mntangi, kanzu na nyaya zake, wakamzungusha penye viazi, wakamzungusha penye karoti, na alipopitishwa kila mtu alikuwa anamwamkia kwa makusudi ili aitikie, naye anaitikia huko juu, anaulizia ng'ombe. Halafu wakarudi kwenye mlango wa banda kutaka kuiona tena. Wale wale. Bibi Mwanahamisi alikuwa wa kwanza kwenye mstari, amewaita na wajukuu.

Bodaboda waliipeleka habari Rangwi kabla ya jioni. Mashamba ya chai wakaomba iende kambini kwao, na wafanyakazi waliotoka mikoa ya mbali wakapiga kelele zile zile mahali pale pale, maana shikamoo wanayo wote. Rehema alimpigia mjomba wake wa Korogwe kumwambia atafute mtu mwingine wa misumari. Baunsa naye alipiga simu kutoka Dar es Salaam. Alikuwa amesikia kwamba ya tatu inaandaliwa, akauliza kwa heshima sana kama anaweza kupata nafasi, hata ya mtoto anayesalimia.

Mimi niliwakabidhi kipaza sauti wiki iliyofuata. Mlidhani ni koo. Koo ni zima. Lazaro alinigeuzia kiti nikiwa kijana, na siku ile nikamaliza somo lake lililobaki, nikaona inatosha.

Filamu bado inaonyeshwa, na watu bado wanamwogopa Mzee Mntangi kidogo, jambo linalomnyima raha. Kwa hiyo mkipita sokoni siku ya gulio msishangae. Yuko mlangoni mwa soko, ameinamia mwavuli, na akimwona mtu yeyote anachomoza kule juu barabarani, hata kama bado yuko mbali na hajafungua mdomo, anatema nyaya zake chini na kumpazia sauti: "Marahaba! Marahaba!"